Hatua Nane Kufika Ngazini

Asubuhi ile Kalunde alifika shimoni akiwa ameshachoka. Si kwamba hakulala. Usingizi alilala vizuri tu. Ulikuwa ule uchovu wa miaka thelathini na moja ya kushuka ngazi na kupanda ngazi, uliojikusanya magotini ukakataa kuhama, uyakande kwa maji ya moto, usiyakande.

Shimo lilikuwa pale pale alipoliacha, nje kidogo ya Tabora, mita sita kwenda chini, na upana wa viwanja viwili vya mpira. Mji ulikuwa unajichimbia hodhi la maji. Tangu mvua zilipoanza kuja mara moja kwa miaka mitatu, maji yakiachwa juu ya ardhi jua liliyanywa yote, kwa hiyo kila mji wenye akili uliyazika.

Ndala zilikuwa zimeshapangwa ukingoni. Ndiyo desturi ya wachimbaji wa huko: anayeshuka huvua ndala juu, huvaa mabuti, na ndala zake huziacha zimeangalia nje, upande wa nyumbani. Ukiziacha zimeangalia shimo umejiitia balaa mwenyewe. Kalunde alizihesabu. Jozi tano upande wa magharibi, na jozi moja ya bluu, mkanda umefungwa kwa waya, peke yake upande wa mashariki. Hizo za Shija, fundi wa mifereji.

"Mlinzi," sauti ilisema sikioni mwake. "Kuta zote zimeshika. Nasubiri kauli yako ya ngazi."

Sauti ile ilikuwa ya Mkamato. Mkamato ulikuwa nondo mia mbili na arobaini zilizopigiliwa ardhini kulizunguka shimo, umeme ukipita kutoka nondo moja hadi nyingine, ukiubana unyevu uliomo udongoni, hadi mchanga ukashikana chembe kwa chembe na ukuta ukasimama wima kama wa zege. Hakuna mbao, hakuna mirunda. Vijana walipohadithiwa kwamba zamani watu walikinga kuta za mashimo kwa miti, walicheka.

Lakini Mkamato haukuwa na macho. Ulijua kile tu ulichokibana. Mtu anayetembea chini haukumwona, wala ngazi haukuiona. Ndiyo maana sheria ilimbakiza mlinzi wa ngazi: mtu mmoja wa kushuka kila asubuhi, kupima kwa miguu yake mwenyewe, kisha kuapa kwa kiganja kwamba hakuna mfanyakazi aliye mbali na ngazi kuzidi hatua nane, na kwamba kila ngazi imeuzidi ukingo kwa vipago vitatu, ili anayetoka awe na pa kushika.

Kalunde alichungulia. Ngazi ya magharibi ilikuwa mahali pake. Ya mashariki haikuwa. Jana jioni mtambo ulichimba kuelekea pembeni, kazi ikasogea nao, ngazi ikabaki nyuma. Aliipima jana hiyo hiyo kabla ya kuondoka: hatua ishirini na mbili.

"Masele," aliita. Masele alikuwa nyapara wa genge, mtu mwenye mabega mapana na maneno mengi. "Ile ngazi ya mashariki mmeisogeza?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmeisogeza?"

"Bado, mama. Tukimaliza chai ya saa nne tunaisogeza. Dakika nne tu hiyo."

Kule pembeni, mbali asisikie maneno ya Masele, Shija aliinua kichwa, akakinga jua kwa mkono. "Mama, leo hushuki kutuona?"

"Magoti, mwanangu."

"Pumzika tu. Ngazi haina miguu, haitatukimbia."

Wakacheka wote, na Kalunde naye akacheka. Miaka kumi na moja hakuna ukuta uliowahi kuanguka chini ya Mkamato, si Tabora, si kwingineko. Vipago ishirini na viwili kushuka, vingine ishirini na viwili kupanda, kwa ajili ya kuthibitisha jambo litakalorekebishwa saa nne. Aliyatazama magoti yake akayahurumia. Mazoea yana tabu, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Aliweka kiganja kwenye kibao cha lango la kushukia shimoni.

"Hatua nane," alisema. "Nathibitisha."

*

Saa tatu na nusu, bomba kuukuu ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote lilipasuka nyuma ya ukuta wa mashariki.

Mkamato huhitaji unyevu, ila mafuriko huushinda. Maji yakizidi, chembe huteleza na umeme hauna cha kubana. "Mlinzi," ulisema kwa sauti ile ile ya asubuhi, "sekta ya tisa inalowa. Toa watu." King'ora kikalia.

Watano wa magharibi walitoka kama walivyofundishwa: chombo tupa, uso kwenye ngazi, mikono yote miwili, usimsukume wa mbele. Kalunde aliwahesabu wakitokeza, huku macho yake yakiwa mashariki. Alimwona Shija akikimbia. Hakurudi kuchukua kitu. Hakusita. Alikimbia kama anavyopaswa kukimbia mtu aliyesikia king'ora, na ukuta ukammegukia ubavuni, si wote, kipande tu kama cha ukubwa wa gari, ukamwangusha, ukamfunika hadi mbavuni.

Injinia Ngassa, kijana mpole aliyekuwa mkubwa wa mradi, alikuwa ameshakimbilia valvu kuu ya maji ya mji. Maji yalikatika. Na Mkamato, ulipopata tena unyevu wake wa kiasi, ulifanya kazi uliyoumbiwa. Ulibana. Uliubana ukuta, na ule udongo ulioanguka ukaubana pia, pamoja na mtu aliyekuwa ndani yake.

"Sekta ya tisa imeshika," ulisema. "Kuna kitu laini ndani."

Masele tayari alikuwa na chepe mkononi, mguu mmoja kwenye kipago. Kalunde alifunga lango kwa kiganja.

"Fungua, mama."

"Utachimba nini? Udongo ule sasa hivi ni jiwe."

"Basi uambie uachie!"

"Nikiuambia uachie, na ukuta wa juu yake unaachia." Akauuliza Mkamato kwa kipaza sauti cha lango, wote wasikie. "Ukiachia sekta ya tisa, ukuta utasimama muda gani?"

"Sekunde tisini. Sina uhakika."

"Na usipoachia?"

"Udongo unakauka ninavyoubana. Ukikauka unajikaza zaidi. Kitu laini kinapungua nafasi."

Walimsikia wote, kwa maana Shija alikuwa akipumua kwa sauti, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyebeba gunia kichwani anapanda mlima. Kila pumzi iliyotoka, nafasi yake haikurudi yote. Nesi wa mradi alisema dakika ishirini. Labda ishirini na tano.

Kalunde alipokuwa msichana, kabla ya nondo na umeme, aliona huko Nzega mtu mmoja akifukiwa mtaroni. Mwenzake akaruka kumtoa. Ukuta ukaanguka mara ya pili. Wa tatu akaruka kuwatoa hao wawili. Wa tatu alikuwa kaka yake Kalunde. Walitolewa maiti watatu siku ile, na matanga yao yalikaliwa siku moja. Tangu hapo aliishika sheria moja kuliko zote: hakuna anayeshuka kuokoa mtu chini ya ukuta usioshikwa na kitu. Alishatukanwa kwa ajili ya sheria hiyo. Alishaitwa mchawi.

Lakini leo sheria ile ilimsuta. Angekuwa ameishika na ile nyingine, ya hatua nane, Shija angekuwa juu hapa anatafuta ndala zake.

"Mama, ni mwenzetu yule," Masele alisema. Alikuwa analia bila kujificha. "Tupo wawili, mimi na huyu Kulwa, tunashuka kwa hiari yetu. Sekunde tisini zinatosha."

"Zikiwa themanini je?"

Masele alipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Mbao," Kalunde alisema. "Nataka mbao na miti ya kukazia. Tutaukinga ukuta kwanza kwa njia ya zamani, ndipo tuachie."

"Mbao hazipo hapa," Injinia alisema. "Hakuna mradi unaoweka mbao siku hizi."

"Mama lishe ana meza."

Wakakimbia. Bi Tatu, aliyewapikia, alizipindua meza zake nne na mabenchi yake huku chai ikimwagika, hakuuliza hata moja. Ukang'olewa mlango wa ofisi ya Injinia, na wa stoo. Mabenchi yakakatwa miguu yawe miti ya kukazia. Kalunde alishuka wa kwanza, kwa ngazi ya magharibi, kwa kuwa pale ndiye pekee aliyejua mti unakazwa kwa pembe gani. Magoti yalimlilia kila kipago. Aliyaacha yalie.

"Ngazi ya mashariki iletwe hapa," alisema alipofika. "Hatua tatu kutoka kwake. Sitaki zaidi."

Kulwa na mwenzake waliihamisha. Kalunde alitazama saa bila kutaka. Dakika nne. Masele alikuwa amesema kweli, dakika nne tu.

Shija alimwona. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Mama," alisema, "umeshuka."

"Nimeshuka, mwanangu. Usiongee, tunza pumzi."

Wakapanga meza moja baada ya nyingine dhidi ya ukuta, wakazikaza kwa mabenchi, ncha moja ya benchi ikipigiliwa kwenye udongo mgumu na nyingine kwenye meza. Yalikuwa makingio mabovu. Mwalimu wake wa zamani angeyapiga teke. Dakika ya kumi na tisa Kalunde aliyasukuma kwa bega, yakalia, hayakusogea.

"Masele, Kulwa, machepe. Mlango ulazwe hapo, tutamwinua nao. Mkisikia nasema pandeni, mnapanda, awe ametoka au hajatoka. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa."

"Niapieni."

Waliapa. Kisha akasema, "Sekta ya tisa. Achia."

Udongo ulitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeshusha pumzi, na mara moja ukawa mchanga tena. Masele na Kulwa walichimba kwa machepe, kisha kwa mikono. Kalunde hakuchimba. Alisimama na kiganja chake juu ya meza ya kati, akisikiliza ukuta upande wa pili, na kuhesabu. Arobaini. Hamsini. Shija alipiga kelele mara moja walipomvuta, akanyamaza. Sabini. Meza ya pili ilianza kulia. Themanini. Mguu mmoja ulikuwa bado ndani. Tisini.

Neno "pandeni" lilikuwa mdomoni mwake. Alilishikilia. Meza ya pili ikapasuka katikati, mchanga ukaanza kumwagika kwenye ufa, mwekundu, mwepesi, na yeye akauweka mgongo wake pale penye ufa. Alikuwa amewaapisha vijana wawili, na sasa anawaibia sekunde.

"Ametoka!" Masele alisema. "Yuko juu ya mlango!"

"Kamata," Kalunde aliuambia Mkamato, na ukakamata.

Buti la kushoto la Masele lilibanwa udongoni. Alichomoa mguu, akaliacha humo, akapanda ngazi ameshika pembe ya mlango, mguu mmoja una soksi.

*

Alasiri Injinia Ngassa alimkuta Kalunde ameketi ukingoni. Alimletea chai, naye akaketi kando yake, ingawa kwa heshima alianza kwa kuchuchumaa.

"Mama, leo umetuokoa sote. Nimeandika hivyo."

"Asante."

"Kimebaki kipengele kimoja. Taarifa inafungwa saa kumi na mbili, na Mkamato unasubiri kauli yako. Sababu ya mfanyakazi kutofika kwenye ngazi." Alifungua kishikwambi chake. "Mimi nimepima mwenyewe. Miguu ya ngazi iliacha matundu mawili pale ilipokuwa, na udongo ule umebanwa, hayajafutika. Kutoka kwenye matundu hadi pale alipofukiwa ni hatua nane. Nane kamili. Kwa hiyo ngazi ilikuwa mahali pake."

Kalunde alishika kikombe kwa mikono miwili. Ishirini na mbili ukitoa kumi na nne. Hesabu ya darasa la pili. Injinia alikuwa amepima kwa uaminifu, lakini alipima kutoka pale Shija alipoangukia, si pale alipoanzia. Na pale alipoanzia hapakuwa tena na alama. Maji ya bomba yalikuwa yameifuta. Waliojua kwamba ngazi haikusogezwa walikuwa Masele na genge lake, na kuisogeza kulikuwa kazi yao.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo inabaki kwamba alichelewa kuitikia king'ora. Nasikitika kusema, yule bwana ni mzuri. Ila kipimo ni kipimo."

"Na ikiandikwa hivyo?"

Injinia alitazama pembeni. Wote wawili walijua. Anayechelewa king'ora huwekewa alama ya uzembe kiganjani, na kiganja chenye alama hakifungui lango la mradi wowote nchini. Shija alikuwa na miaka thelathini na minne, na kazi aliyoijua ilikuwa hiyo moja.

"Na kama ngazi haikuwa mahali pake?"

"Basi alama ni ya mlinzi." Injinia alicheka kidogo, kwa adabu. "Lakini mama, si ulithibitisha asubuhi?"

"Nilithibitisha."

"Na umebakiza miaka miwili upumzike. Nani atajua kukaza mbao hizo usipokuwepo? Nimeomba mbao ziletwe, ziwe zinakaa hapa. Uwafundishe." Alisimama, akapangusa suruali. "Sema tu neno, ufunge. Umechoka."

Alikuwa amechoka. Hilo halikuwa na ubishi. Na alichokisema Injinia kilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo palipomuuma: mbao zikija na yeye asiwepo, zitakuwa kuni za Bi Tatu. Watu wangapi watashuka mashimoni miaka hii miwili, chini ya kuta zinazoaminiwa mno? Alijiuliza kama Shija mmoja anaweza kubebeshwa alama ili hao wengine wapate mwalimu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Uliingia kwenye mizani vizuri sana mzigo ule, mwepesi kabisa, na wepesi wake ndio uliomtia shaka.

Saa kumi na moja na nusu aliinuka, akazunguka hadi upande wa mashariki. Ndala za bluu zilikuwa bado ukingoni, zimeangalia nyumbani. Alizikung'uta mchanga, akazitia kwapani.

*

Zahanati ilikuwa mwendo wa robo saa. Shija alikuwa amelazwa karibu na dirisha, nyonga imefungwa kwa kitu kama mshipi mpana uliokuwa ukinguruma taratibu, ukiunga mfupa. Masele alikuwa ameketi sakafuni na lile buti lake moja. Alipomwona Kalunde aliinuka, akampisha kwenye kiti, akatoka nje.

"Nimekuletea ndala zako," Kalunde alisema.

"Asante mama. Sijui nitazivaa lini." Shija alijaribu kutabasamu. "Daktari anasema nitatembea kabla ya mvua. Nikamuuliza, za mwaka gani?"

Kalunde hakuweza kucheka.

"Masele ananiambia watasema nilichelewa," Shija alisema.

"Ndivyo kipimo kinavyosema."

Shija alitazama dari. Alipoongea hakuongea kwa hasira. Kalunde angependa aongee kwa hasira, ingemrahisishia.

"Nilihesabu, mama. Si wewe ulitufundisha tuwe tunahesabu tukikimbia, ili mtu asipagawe? Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Ilipofika nane nikanyoosha mkono nishike ngazi." Aliuinua mkono kidogo juu ya shuka, kuonyesha. "Hamna kitu. Nikaendelea. Nilifika kumi na nne. Tangu asubuhi nalala hapa nafikiria, sijui nilikosea wapi kuhesabu. Labda hofu. Labda nilihesabu mara mbili."

Nje ya dirisha jua lilikuwa limeinama kwenye paa la stoo. Zilibaki dakika chache kufika saa kumi na mbili.

"Hukukosea," Kalunde alisema.

Shija aligeuza kichwa.

"Ngazi ilikuwa hatua ishirini na mbili. Nilijua tangu jana. Leo asubuhi nikaweka kiganja nikasema nane, kwa sababu sikutaka kushuka. Si Masele, si Injinia. Ni mimi. Umelala hapa kwa sababu yangu, na nimekaa mchana kutwa nikitafuta namna ya kutosema."

Shija alimtazama, kisha akafumba macho, na mkono wake uliokuwa juu ya shuka ukakunjika ngumi. Kalunde hakuomba msamaha wa kupewa pale pale. Aligusa sikio lake.

"Mkamato. Kauli ya mlinzi."

"Nasikiliza."

"Mfanyakazi aliitikia king'ora papo hapo. Ngazi ilikuwa hatua ishirini na mbili kutoka alipokuwa akifanya kazi. Mlinzi alijua."

"Kauli hii inapingana na uthibitisho wako wa saa moja na dakika kumi. Ikifungwa, kiganja chako hakitafungua lango tena. Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

"Taja sababu ya mlinzi kuthibitisha hatua nane. Chagua: kutojua, hitilafu ya chombo, amri ya mkubwa, hali ya hewa, ugonjwa."

"Alichoka."

"Uchovu haumo kwenye orodha ya sababu."

"Basi uongeze," Kalunde alisema, akainama kwa tabu, goti moja, kisha la pili, akaziweka zile ndala chini ya kitanda, zimeangalia mlango.